Sura ya Tano: Sotoka Ilikwisha, Mbona Chambavu Haiishi?

Swali hili huulizwa mnadani, kwenye maduka ya dawa za mifugo na kwenye mikutano ya vijiji vya Bunda na Butiama, hasa mvua zinapokolea na ndama walionona wanapoanza kuanguka. Sotoka ilikuwa ugonjwa wa kutisha kuliko yote. Katika miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na njaa ikawafuata wafugaji nyuma yake. Leo sotoka haipo popote duniani. Chambavu, kwa upande wake, huua ndama mmoja hapa na wawili pale, chanjo yake ipo, inatengenezwa humuhumu nchini, na bado kila mwaka inarudi. Ikiwa lile jitu limeuawa, huyu mdogo anashindikana nini?

Majibu yanayotolewa mara nyingi ni ya lawama. Wengine husema chanjo ni feki, wengine husema maofisa mifugo hawafiki, na maofisa nao husema wafugaji ni wabishi. Huenda kila lawama ina chembe ya ukweli mahali fulani. Lakini hata tukiwaondoa wote hao, tukajaalia chanjo nzuri, afisa mwenye bidii na mfugaji msikivu, chambavu isingefutika kama sotoka ilivyofutika. Sababu iko katika maumbile ya kijidudu chenyewe na ya ukoo anaotoka: ukoo wa bakteria wanaoishi bila hewa. Mtu akishaelewa wanavyoishi, ataelewa pia mambo ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayahusiani kabisa na ng'ombe: kwa nini msumari humkazisha mtu taya, kwa nini kitovu cha mtoto hakipakwi kinyesi cha ng'ombe, na kwa nini kumbikumbi waliofungwa vibaya wamewahi kuua watu.

Sotoka ilikosa pa kurukia

Tuanze na ugonjwa uliokwisha. Sotoka ilisababishwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoweza kuzaana mpaka kiingie ndani ya chembe hai za kiumbe kingine. Nje ya mnyama kirusi hicho hakikuwa na maisha marefu. Jua na ukavu vilikimaliza upesi. Ili kidumu, kilihitaji kuruka bila kukoma kutoka kwa mnyama mgonjwa kwenda kwa mzima aliye karibu. Na mnyama aliyenusurika hakuugua tena. Kwa hiyo maisha ya sotoka yalitegemea jambo moja: kupatikana kila siku kwa mnyama mwingine asiye na kinga.

Walter Plowright na wenzake walipotengeneza chanjo bora ya sotoka huko Muguga, Kenya, karibu na mwaka 1960, walikata njia hiyo. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walichanjwa, na wilaya ya Bunda ipo pembeni kabisa ya hifadhi hiyo. Nyumbu hakuna aliyewachanja, nani angewakamata? Hata hivyo sotoka ikapotea miongoni mwao katikati ya miaka ya 1960, kwa sababu chanzo chake kilikuwa ng'ombe. Nyumbu waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita milioni moja kabla miaka ya 1970 haijaisha. Hii ndiyo inayoitwa kinga ya kundi: waliochanjwa wakiwa wengi, hata asiyechanjwa husalimika, kwa kuwa ugonjwa haumfikii. Ndui ilifutwa kwa njia hiyohiyo na kutangazwa hivyo mwaka 1980. Sotoka ikatangazwa mwaka 2011, na mpaka sasa hayo ndiyo maradhi mawili pekee ambayo binadamu ameyafuta duniani.

Sasa tukitafuta mahali pa kukata njia ya chambavu, hatupaoni. Ndama mwenye chambavu hamwambukizi ndama aliyelala naye zizini. Ukiona watatu wameanguka wiki moja, si kwamba mmoja kampa mwenzake. Wote watatu wamekula kwenye ardhi ileile. Ugonjwa hautoki ubavuni, unatoka chini.

Maisha bila hewa

Sisi, ng'ombe, samaki na migomba tunahitaji oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotusaidia kuchoma chakula mwilini na kupata nguvu. Mpaka katikati ya karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba hakuna uhai bila hewa. Mwaka 1861 Mfaransa Louis Pasteur, akichunguza namna vitu vinavyochacha, aliona jambo la ajabu chini ya hadubini. Bakteria waliokuwa katikati ya tone la maji walikuwa wakichezacheza, na wale waliofika ukingoni, penye hewa, walitulia tuli. Hewa ilikuwa inawadhuru. Bakteria wa namna hiyo huitwa anaerobi, yaani wanaoishi pasipo oksijeni.

Oksijeni huwadhuru kwa sababu inapotumika ndani ya chembe hai huacha mabaki makali yanayounguza. Miili yetu ina vimeng'enya, yaani protini za kazi maalumu, vinavyoyazima mabaki hayo. Anaerobi wengi hawana vimeng'enya hivyo, au wanavyo kwa uchache. Wao hupata nguvu kwa kuchachusha chakula, kazi ileile ambayo hamira hufanya ndani ya mtungi wa pombe, na mazao yake ni asidi na gesi. Shika neno hilo, gesi, kwa maana tutalikuta tena kwenye paja la mtamba.

Mahali pasipo hewa ni pengi kuliko tunavyodhani. Matope meusi ya kinamasi cha Mto Mara, chini ya mafunjo, hayana oksijeni sentimita chache tu kutoka juu. Tumbo kubwa la ng'ombe, pale majani yanapovunjwavunjwa kabla ya kucheuliwa, halina hewa pia. Bila anaerobi waliomo humo ng'ombe angekufa njaa amesimama kwenye majani mabichi. Watafiti waliochunguza Mto Mara upande wa Kenya waligundua kwamba madimbwi ya viboko hujaa kinyesi kiasi kwamba maji ya chini huishiwa oksijeni, na bakteria wa matumboni mwa viboko huendelea kuishi humo kana kwamba hawajatoka tumboni. Mvua kubwa ikisomba maji hayo kwenda chini, samaki hufa kwa kukosa hewa. Machi 2022, samaki walipokufa na maji ya Mto Mara kubadilika rangi upande wa Tanzania, kamati ya serikali ilitaja sababu ya jinsi hiyohiyo: kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza vilimaliza oksijeni. Wakazi wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na mjadala ulikuwa mkali. Linalotuhusu hapa ni utaratibu wenyewe. Uchafu ukizidi, bakteria wanaopenda hewa ndio wanaotangulia. Wanakula, wanazaana, wanaimaliza oksijeni, na wasioipenda wanakuta mahali pameshaandaliwa. Utaratibu huo unatokea mtoni, na unatokea vilevile ndani ya kidonda kichafu.

Bado kuna fumbo. Kama hewa ni sumu kwao, wanavukaje kutoka tumbo hadi tumbo, kwenye vumbi na jua kali la mwezi wa nane? Wengi hufa njiani. Lakini ukoo mmoja una silaha ya pekee: mambo yakiharibika, bakteria hujifunga ndani ya ganda gumu, hukausha maji karibu yote yaliyomo, na kusimamisha kila shughuli ya uhai. Umbo hilo huitwa spora. Spora haili wala haizaani, na hewa haiihusu kitu. Maji yanayochemka yanaweza kuiacha hai. Ndiyo maana hospitali husafisha vifaa vya upasuaji kwa mvuke wenye shinikizo kwenye nyuzi joto 121. Ardhini spora hukaa miaka na miaka ikisubiri mahali palipofungwa, penye unyevu na chakula, pasipo hewa.

Ukoo huo wenye sifa mbili kwa pamoja, kukimbia hewa na kutengeneza spora, ndio ukoo wa klostridia.

Ndani ya paja

Klostridia wa chambavu huitwa Clostridium chauvoei, kwa heshima ya daktari wa mifugo Mfaransa Auguste Chauveau. Ndama huokota spora zake akila majani ya chini yenye udongo. Zinapita utumboni, zinaingia kwenye damu, na baadhi hujificha kwenye misuli, hasa minene ya mapaja, mabega na kiuno. Hapo hazifanyi chochote. Msuli mzima una damu nyingi, damu ina oksijeni, na spora hulala.

Kinachoziamsha ni jeraha la ndani, tena mara nyingi jeraha lisiloonekana hata kwa nje. Dume kampiga mwenzake teke. Mtamba amekanyagwa wakati wa kupakiwa kwenye lori kwenda mnadani. Maksai mchanga anafundishwa plau na fimbo zinamshukia pajani. Msuli unavilia damu, mishipa midogo inapasuka, na sehemu ile inakosa mzunguko. Kwa saa chache pale pameishiwa oksijeni. Spora inafunguka, bakteria anaanza kuchachusha nyama, anatoa sumu inayoua msuli unaomzunguka, na msuli uliokufa hauna hewa kabisa, hivyo eneo lake linazidi kupanuka. Gesi inajikusanya chini ya ngozi. Ukiubonyeza uvimbe kwa vidole unasikika ukipukutika kwa ndani. Ndama anachechemea, ana homa, anakataa kula, na mara nyingi hamalizi siku mbili. Nyama ya sehemu ile huwa nyeusi, kavu, yenye vitundu kama sifongo, na harufu yake ni ya siagi iliyochacha.

Hapa ndipo jibu la malalamiko ya wafugaji linapopatikana: kwa nini ugonjwa unawachagua walionona? Mnyama mnene, anayekua kwa kasi, ana msuli mwingi wenye sukari nyingi ya akiba, na hicho ndicho chakula cha bakteria huyu. Anacheza, anapandana na wenzake, anapigana. Wanaougua sana ni wa kati ya miezi 6 na miaka 2. Walio chini ya umri huo kwa kawaida bado wanalindwa na kinga waliyoipata kwenye dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya mama, na wakubwa wengi wameshajijengea kinga yao. Basi mfugaji anayesema kwamba chambavu ni husuda, kwa kuwa inampiga ndama mzuri kuliko wote, ameona sawasawa kabisa. Alichokosea ni mhusika tu.

Kwa ufupi: sotoka iliishi ndani ya wanyama na ilihitaji kuruka kila siku, chambavu inaishi ardhini na haihitaji kuruka popote. Ya kwanza unaweza kuikatia njia. Ya pili unaweza tu kuikosesha mahali, au kumwandaa mnyama kabla haijaamka.

Kimeta si chambavu

Wengi huchanganya haya mawili, kwa sababu yote huua ghafla, yote hutoka ardhini, na yote huacha spora. Hata chanjo zake mara nyingi hutolewa msimu mmoja. Lakini bakteria wa kimeta ni wa ukoo mwingine, na tofauti yao iko palepale penye hewa: wa kimeta anaihitaji hewa ili atengeneze spora. Ndani ya mzoga uliofungwa hana hewa, na kadiri mzoga unavyooza ndivyo anavyokufa. Mzoga ukipasuliwa, damu inakutana na hewa, na spora zinatengenezwa kwa mamilioni. Kwa hiyo amri ya kutopasua mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla ina sababu ya kisayansi, ingawa wanaoitoa kwa kawaida hawaielezi, na amri isiyoelezwa huvunjwa pindi nyama inapoonekana nono.

Dalili za kutofautisha, kabla mtaalamu hajafika:

– Damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au nyuma: shuku kimeta. Usimguse, usimchune, usile. Kimeta huua watu.
– Uvimbe wenye gesi pajani au begani kwa ndama aliyenona, bila damu kutoka: shuku chambavu.
– Usipokuwa na hakika: mchukulie kuwa ana kimeta.

Na jambo moja kuhusu chanjo ambalo wenye maduka ya dawa wangefaa kulibandika ukutani. Chanjo ya kimeta inayotumika kwa mifugo ina spora hai zilizodhoofishwa. Ukimpiga ng'ombe penisilini siku hizohizo unaua chanjo. Ile ya chambavu ina bakteria waliokwisha kuuawa, kwa hiyo dawa haiiathiri.

Msumari, kitovu na mfuko wa plastiki

Kama hoja ya sura hii ni sahihi, yaani kwamba klostridia hutawaliwa na mahali kuliko na mawasiliano, basi inapaswa kueleza pia magonjwa ya watu. Inaeleza.

Pepopunda husababishwa na Clostridium tetani, ambaye spora zake zimo kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama. Mwaka 1884 Mjerumani Arthur Nicolaier aliwapa wanyama pepopunda kwa kuwadunga udongo wa kawaida, lakini alishindwa kumtenga bakteria mwenyewe. Kila alipomkuza aliota na wengine. Mjapani Kitasato Shibasaburo, akifanya kazi Berlin, ndiye aliyefumbua fumbo hilo mwaka 1889. Alipasha mchanganyiko wote moto hadi nyuzi joto 80 hivi. Wengine wakafa, spora za pepopunda zikabaki, kisha akazikuza ndani ya gesi ya haidrojeni, pasipo oksijeni hata chembe. Sifa mbili za ukoo mzima zimo ndani ya jaribio hilo moja.

Kidonda kipana kinachovuja damu na kupigwa na hewa si hatari sana kwa pepopunda. Hatari ni kitobo kidogo na kirefu: msumari, mwiba, ncha ya jembe. Juu kinafunga upesi, ndani uchafu unabaki, bakteria wa kawaida wanamaliza oksijeni, na spora inaamka. Sumu yake husafiri kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo na kuzima breki za misuli, kwa hiyo misuli yote inakaza kwa pamoja, ikianzia taya. Kitovu cha mtoto mchanga nacho ni nyama inayokufa yenyewe, haina damu; ukikipaka kinyesi au udongo umeweka spora mahali pasipo hewa. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha anashindwa kufungua kinywa.

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondosha pepopunda ya akina mama na watoto wachanga. Tuangalie maana ya kuondosha. Kipimo ni wagonjwa chini ya mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Hakuna aliyesema imefutwa, na hatasema, maana spora hazijaenda popote. Zipo kwenye mazizi ya Kiabakari na kwenye bustani za Musoma mjini kama zilivyokuwepo. Kilichobadilika ni kina mama kuchanjwa kliniki na kitovu kukatwa kwa wembe safi.

Ushahidi wa kutia wasiwasi unatoka Hospitali ya Bugando, Mwanza, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Ziwa, Mara ikiwemo. Mapitio ya wagonjwa 102 wa pepopunda waliotibiwa hapo katika miaka kumi, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha wanaume wakiwazidi wanawake zaidi ya mara kumi, na karibu nusu ya wagonjwa hawakupona. Wanaume ndio wanaokanyaga vitu shambani, kweli. Lakini wanawake wa Mara nao hulima, hukata kuni na hutembea peku. Nadhani tofauti kubwa iko kliniki. Mwanamke hudungwa sindano ya pepopunda kila anapobeba mimba mpaka dozi zitimie. Mwanaume akishamaliza chanjo za utotoni, kama alizipata, kwa kawaida hapati nyingine mpaka aumie. Na kama kinga ya kundi ingekuwepo kwa pepopunda, wanaume wangekuwa wamelindwa na wake zao waliochanjwa. Hawakulindwa. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Ndugu wa tatu ni Clostridium botulinum, ambaye mara nyingi hahitaji hata kidonda. Hukaa kwenye chakula kilichofungwa bila hewa, akatoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Taarifa ya madaktari iliyochapishwa mwaka 1980 ilieleza kisa cha Kenya cha watu waliokula kumbikumbi waliosafirishwa kwa siku kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki, na kukawa na vifo. Kumbikumbi ni chakula kizuri, na watu wa Mara wanawala kila msimu wakiwa wameanikwa au kukaangwa. Waliouawa hawakuuawa na kumbikumbi. Waliuawa na mfuko uliozuia hewa kwa siku nyingi kwenye joto.

Kama majina yanabadilika, tuwaamini vipi?

Hapa msomaji makini ana haki ya kupinga. Tumeuita ukoo, na tumejenga hoja juu ya ukoo. Lakini wataalamu wenyewe kila baada ya miaka michache wanawahamisha bakteria hawa kutoka jina hili kwenda lile. Ukoo unaohamahama ni ukoo gani?

Jina Clostridium lilitolewa mwaka 1880 na Adam Prażmowski. Kwa miaka mia moja iliyofuata, bakteria yeyote mwenye umbo la kijiti, anayetengeneza spora na kukataa hewa, alitupwa ndani ya jina hilo. Wakafika mamia. Ulikuwa uainishaji wa tabia: wanaofanana wawekwe pamoja. Mwaka 1977 Mmarekani Carl Woese alionyesha njia nyingine, ya kusoma maandishi ya urithi yaliyomo kwenye kiwanda cha protini ambacho kila kiumbe hai anacho, na kulinganisha tofauti zake. Wanaotofautiana kidogo wameachana karibuni. Wanaotofautiana sana waliachana zamani. Mwaka 1994 kipimo hicho kilipotumika kwa klostridia wote, lile kapu likaonekana limebeba makundi 19, baadhi yakiwa mbali kabisa na mengine. Ukoo wa kweli ni kundi la kwanza tu, na humo wamo wa chambavu, wa pepopunda, wa sumu ya chakula, na pia Clostridium butyricum, aliye kielelezo rasmi cha jina lenyewe, ambaye wengi wa aina yake hawamdhuru mtu. Bakteria anayeleta kuhara kwa wagonjwa waliotumia antibiotiki kwa muda mrefu alihamishwa ukoo mwaka 2016 na kuitwa Clostridioides difficile.

Kwangu mimi mabadiliko haya yanaongeza imani. Yaliyobadilika ni mipaka ya undugu. Tabia zilizopimwa maabara, kukimbia hewa na kutengeneza spora, hazikubadilika hata moja. Kuna hata mahali ambapo wataalamu wamegoma kubadilisha kwa makusudi. Jina botulinum linabeba makundi manne ambayo kwa nasaba ni mbalimbali, na kundi mojawapo ni ndugu wa damu wa bakteria mwingine asiyetoa sumu hiyo. Kwa sheria ya undugu jina lingevunjwa. Limeachwa kwa sababu daktari akilisoma kwenye majibu ya maabara lazima ajue papo hapo kwamba mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Huo ni uamuzi wa busara, na unaonyesha kwamba jina la kisayansi nalo ni chombo cha kazi.

Pingamizi za zizini

Kwa nini basi tusiisafishe ardhi? Kuchoma nyasi huunguza juu. Udongo ni kizuizi kizuri cha joto, na spora iliyo sentimita chache chini haina habari. Chokaa husaidia kwenye shimo la kuzikia mzoga, lakini huwezi kuinyunyizia mbuga nzima ya Bunda. Kinachofaa ni kutoongeza: mzoga wa chambavu uzikwe kwa kina au uchomwe palepale ulipoangukia, usiburutwe malishoni ukidondosha spora njia nzima.

Na yule ambaye ng'ombe wake alichanjwa akafa? Huenda kichupa kilikaa juani kwenye pikipiki wakati kilitakiwa kuwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Huenda mnyama aliugua kabla ya majuma mawili hivi ambayo kinga huhitaji kujijenga. Huenda alichanjwa akiwa mchanga mno, kinga ya dang'a ikaizuia chanjo isifanye kazi. Huenda pia hakufa kwa chambavu. Kuna kimeta, kuna ndigana kali, kuna nyoka. Bila sampuli kupelekwa maabara, kila kifo cha ghafla huandikwa kwenye hesabu ya ugonjwa ambao mfugaji anaujua jina.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: kama chanjo ya jirani hainilindi, kampeni za kijiji kizima ni za nini? Kinga ya chambavu ni ya mnyama mmoja mmoja, ni kweli, na anayesema kampeni itaufuta ugonjwa anadanganya. Lakini kichupa cha chanjo kina dozi nyingi, na kikishatobolewa hakihifadhiwi mpaka mwezi ujao. Mwenye ndama wanne akienda peke yake, ama ananunua kichupa kizima, ama anaacha. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania inatengeneza chanjo hii Kibaha, mkoani Pwani. Kuifikisha Butiama ikiwa baridi ni gharama ambayo wafugaji ishirini huibeba vizuri kuliko mmoja. Kwa hiyo ujirani una faida, ila ni faida ya mfukoni.

Na ikishakuwa ni ya mnyama mmoja mmoja, ratiba ya mara moja kwa mwaka inaacha pengo kubwa. Ndama aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya kampeni atakuwa na miezi kumi na moja kampeni inayofuata itakapofika. Kinga ya dang'a ilimwisha kitambo, na miezi mitano hivi ya umri wa hatari ameipita bila chochote. Kwa sotoka pengo kama hilo lilivumilika, kwa sababu wenzake waliochanjwa walimzunguka. Kwa chambavu hakuna anayemzunguka. Kijiji ambacho ng'ombe wake wanazaa mwaka mzima kinahitaji angalau ziara mbili za chanjo, na ya kwanza iwe kabla ya mvua, kabla maksai wachanga hawajafungwa plau.